Trekta Iliyoanza Upande wa Chini

Mimi sikutaka trekta. Nilitaka kupumzika. Lakini ukiwa mke wa kwanza katika boma la Kijaluo, na mzee keshalazwa kaburini kando ya nyumba yako, kupumzika ni kitu unachokisikia kwa majirani tu. Huku kwetu Uriri mke wa kwanza anaitwa mikayi, na mikayi ndiye anayefungua shamba. Mvua ikikaribia, hakuna mtu wa boma anayetia jembe ardhini kabla yangu. Awe mke mwenzangu, awe mwanangu, awe mke wa mwanangu, wote wanakaa wakingoja niende shambani kwangu, nilime kidogo, nirudi. Ndipo wengine wanaanza, kila mtu kwa nafasi yake. Ukimpita aliyekutangulia, wazee wanasema umeita chira, na chira hiyo haimwandami mkosaji peke yake. Inawashika watoto wake, wanakonda, wanaisha.

Mimi ni mtu wa kanisa na chira siiamini sana. Hata hivyo nimeifuata miaka yote, maana nani ana nguvu za kubishana na boma zima kila msimu?

Nyonga ndiyo iliyoleta haya yote. Msimu mmoja wa mvua ndefu nililazwa hospitali Homa Bay kwa ajili ya nyonga yangu ya kulia. Mvua ikanyesha, majirani wakapanda, na boma letu likakaa kimya kama nyumba ya matanga. Niliporudi nikitembelea mkongojo, mahindi ya majirani yalikuwa yamefika magotini na sisi tulikuwa na nyasi. Nikamuuliza mke mwenzangu kwa nini hawakulima.

“Tulikungoja, nyieka,” akasema. Nyieka ni mke mwenza, na ndivyo tunavyoitana mpaka leo.

Hakulalamika. Mwaka ule tulinunua mahindi kama watu wa mjini, na yeye hakunitupia hata neno moja. Afadhali angenitukana.

Huyu mwenzangu alikuja bomani akiwa msichana, mimi tayari nina watoto wa kwenda shule. Siku za mwanzo tulipigana, sitaficha. Aliwahi kunimwagia maji ya vyombo mlangoni, nami niliwahi kumfungulia mbuzi wakamla mboga zote. Mzee alipokufa ndipo tulipogundua kwamba tumebaki wawili. Sasa yeye ndiye miguu yangu. Ananichotea maji, ananisugua mgongo mahali mkono wangu haufiki, anapika, na tunakula sahani moja. Wanangu wa kiume wako Nairobi na wananipenda kwa simu. Mtoto wake wa kiume ni mwalimu huko Suna, amejenga nyumba nzuri ya vigae, na kila Krismasi anamwambia mama yake ahamie kwake. Mama anakataa kwa sababu yangu. Nilijua siku akikubali, mimi nitabaki na kuku.

Basi niliposikia watoto wanazungumzia trekta ndogo, nilikubali upesi. Ng’ombe wetu wa kulimia walikuwa wameibwa. Trekta kubwa za kukodi zinawahudumia kwanza wenye miwa, sisi wa mahindi tunapata siku ambayo dereva hana kazi nyingine. Na hata ikija, haipiti bomani kwetu. Kati ya kaburi la mzee na ua wa ojuok, ile minyaa yetu, hakuna nafasi ya kugeuza dude lile. Trekta ndogo ingepita. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: siku nitakayoweza kuinuka, nifungue asubuhi, na jioni boma lote liwe limelimwa. Hakuna wa kuningoja tena mpaka nyasi zimee.

Watoto wakaanzisha kundi la WhatsApp. Wangu wa kwanza alitaka ile nyekundu ya kutoka India, kwa sababu rafiki yake anayo. Mwalimu wa Suna alitaka ile ya buluu, ya Wajapani, iliyotumika kidogo huko kwao. Binti yangu aliyeolewa Sori, ambaye mume wake ni mvuvi na hajawahi kuhitaji trekta maishani, akatuma picha ya ile ya rangi ya machungwa akiuliza kama hii si maridadi. Usiku kucha simu inalia ting, ting. Wanabishana juu ya hosipawa kama watu wanaogombania kiti cha ubunge, na hakuna hata mmoja aliyeuliza mama atapanda vipi.

Nikaona nitaenda mwenyewe. Kuuliza si ujinga.

Wakala wa kwanza alikuwa Suna. Duka la vioo, matrekta yamepangwa nje yakimeremeta mpaka macho yanauma. Kijana wa mauzo alikuwa na tai na viatu vyenye ncha. Alinipita mara mbili akienda kuwasalimu wanaume waliokuja nyuma yangu. Nikagonga bati la trekta kwa mkongojo wangu, kwa nguvu kidogo.

“Mathe, shikamoo. Mzee ndiye anakuja kuangalia?”

“Mzee ako kaburini. Niulize mimi.”

Akanyooka. Kuanzia hapo alinieleza mambo mengi. Kwamba kiti kina springi. Kwamba kuna mahali pa kuweka chupa ya maji. Kwamba kuna taa za mbele za kulimia usiku, na mimi nikamuuliza ni nani katika boma langu atakayelima usiku, mchawi? Akacheka. Nikamuuliza plau yake inazama kiasi gani kwenye udongo mweusi, ule unaonata kama ugali mbichi mvua ikinyesha na kupasuka kama kisigino jua likiwaka. Akasema hii ni fowili, Mathe, magurudumu yote manne yanavuta, inapita popote. Nikamuuliza spea zinatoka wapi. Akasema zipo. Nikamwambia anionyeshe. Akaenda ofisini kuuliza, na alivyokawia nikajua. Nikashika njia.

Wakala wa pili alikuwa Homa Bay, barabara ya kuelekea ziwani. Hapo walinipokea vizuri kupita kiasi. Soda baridi, kiti cha plastiki kilichofutwa, kalenda mbili, kofia moja. Muuzaji alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya kanisani, na trekta yake ya machungwa ilikuwa nzuri kweli, ndogo, imejikunja vizuri, hata mimi nilitamani kuipanda. Lakini plau haiji nayo. Haro ya kuvunja mabonge haiji nayo. Tela haiji nayo. Kila kitu ni cha kuagiza, na fundi wao anatoka Kisumu siku moja moja.

“Na ikiharibika katikati ya kulima?” nikamuuliza.

“Mama, hizi haziharibiki.”

Nikaacha soda nusu. Mtu anayekuambia chuma hakiharibiki hajawahi kumiliki hata baiskeli.

Nyonga ilikuwa inawaka wakati ule na nilitaka kurudi nyumbani, lakini mjukuu aliyenisindikiza, mtoto wa binti yangu wa Sori, alisema kuna mwingine karibu na stendi. Nikajikokota. Duka lilikuwa la mabati, mafuta yamemwagika mlangoni, na nyuma kulikuwa na mafundi wawili wameifungua trekta nzima, vipande vimepangwa juu ya gunia. Hiyo ilinifurahisha. Pale mtu anaponionyesha mashine iliyoharibika ndipo ninapoanza kumwamini. Matrekta yake yalikuwa mekundu. Mwenyewe alikuwa mtu wa ziwani, Mjaluo kama mimi, tumbo mbele, mkono mweusi kwa grisi. Hakunipa soda. Aliniuliza udongo wangu ni wa namna gani, mteremko unaelekea wapi, langoni pana upana gani, na ni nani atakayeendesha. Nilipomwambia juu ya kaburi la mzee na ua wa ojuok, alitembea hatua kadhaa uani akinionyesha trekta inahitaji nafasi gani kugeuka. Ilitosha.

“Lakini mimi sinunui trekta niliyoiona imesimama tu,” nikamwambia. “Hata ng’ombe nilikuwa namwona akilima kwanza.”

“Nitakuletea nyumbani, Mama. Utaiona ikilima udongo wako mwenyewe. Kama haitaweza, narudi nayo na hatujuani.”

Hapo nilijiona mjanja. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, wanasema, na huyu alikuwa anataka kuitembeza kutoka Homa Bay mpaka Uriri, ningepaswa kujiuliza. Lakini nilikuwa nimechoka na nilitaka mtu mmoja katika nchi hii ajibu swali nililouliza. Nikamwelekeza vizuri kabisa. Nikamwambia shamba la juu ni langu, udongo mwekundu, mawe mawe, hilo halina kazi. La chini ni la mke mwenzangu, ndilo lenye udongo mweusi unaoshinda hata trekta kubwa. Nikamwambia kwa kinywa changu: ukiweza pale chini, umeweza kila mahali. Tukakubaliana atapiga simu kabla ya kuja.

Wiki hiyo hiyo mama mkwe wa binti yangu akafariki kule Sori, nami nikaenda matanga. Sori hakuna mahali pa kuchaji simu ukiwa kwenye nyumba yenye msiba na watu wamejaa. Simu ikazima. Muuzaji akapiga, akakosa. Kwa kuwa lori lilikuwa linapeleka trekta nyingine Migori siku ile, akaona apitie kwetu asipoteze dizeli. Akafika langoni, akamkuta mwenzangu peke yake anaanua mtama.

Haya niliyasimuliwa baadaye. Mwenzangu alimwambia mikayi hayupo. Muuzaji akamwambia mikayi mwenyewe ndiye aliyemtuma, na hata alimwonyesha ni wapi, pale chini kwenye udongo mweusi. Mwenzangu akaona ni kweli, mgeni angejuaje kuna udongo mweusi chini? Naye alikuwa na hamu ya kuiona mashine, nani asingekuwa nayo. Wakaishusha kwa mbao. Ikapita kati ya kaburi na ua bila kugusa jani. Ikashuka. Dereva akateremsha plau, akalima mistari minne mirefu, udongo ule mweusi ukageuka ukalala chali kama samaki, na mwenzangu anasema alipiga makofi.

Hapo ndipo shemeji yetu, mdogo wa marehemu mzee, alipokuwa anapita njia ya kisimani. Alisimama kwenye ua. Akaangalia ile mistari kwa muda. Kisha akauliza kwa upole kabisa:

“Kwani mikayi amerudi lini akafungua?”

Mwenzangu anasema mikono yake ilibaki hewani.

Nilirudi kutoka Sori siku ya tatu, nimechoka, vumbi mpaka kwenye meno. Nilitegemea maji ya moto. Nikakuta maji yamewekwa mlangoni, chakula kimefunikwa mezani kwangu, sahani moja ndogo ya mtu mmoja, na mwenzangu haonekani. Nikamwita. Akaja akasimama nje, hakukanyaga kizingiti. Akaniambia yote akiwa anaangalia chini, kama mtoto aliyevunja chungu.

“Hiyo ilikuwa majaribio,” nikamwambia. “Hukupanda kitu.”

“Ardhi imepasuliwa, nyieka. Imeanza kwangu.”

“Nani alikwambia inahesabika?”

“Shemeji amekuja na wazee wawili wakaangalia.”

Nilikasirika. Nilimkasirikia muuzaji, nikamkasirikia shemeji, nikakasirikia ile simu, na zaidi nilikasirika kwamba ni lazima nianze tena kupanga mambo ya watu kabla hata sijavua viatu. Nikamwambia aingie tule. Akasema hawezi kula na mimi sahani moja mpaka jambo litengenezwe, isije ikawa mbaya zaidi. Ana mjukuu mchanga, mtoto wa mwalimu, aliyezaliwa kabla ya wakati na bado anapumua kwa shida. Sasa nikaelewa hofu yake imekaa wapi.

Nilikula peke yangu jioni ile, na siku iliyofuata, na iliyofuata. Chakula kinakuja, kitamu kama kawaida, na anayekileta anakiweka na kurudi. Sijui kama umewahi kula peke yako baada ya kuzoea mkono wa mwenzako kwenye sahani. Unashiba upesi. Nilikuwa naongea na kuku.

Muuzaji naye hakunipa nafasi. Kila asubuhi simu.

“Mama, umeiona kazi? Umeamua?”

“Wewe ni mtu wa ziwani. Hukuona unafungua shamba la nyachira kabla ya mikayi?” Nyachira ndiye mke wa pili.

“Lakini Mama, ile ilikuwa demo tu.”

“Nenda ukawaambie wazee hivyo.”

“Nitakupunguzia bei.”

Nikamkatia simu. Bei ya chira sijui inapunguzwaje.

Nilimwendea mchungaji. Akasema tumekombolewa, tusirudi utumwani, tuombe na tukemee. Tukaomba. Mwenzangu alipiga magoti pamoja nasi, akasema amina, na jioni akaniletea chakula cha mtu mmoja. Nilimwendea shemeji. Huyu si mtu mbaya, ila ana kichwa cha punda na anapenda kuulizwa. Akaniambia udongo haujui majaribio, udongo unajua umekatwa. Akasema yanatakiwa manyasi, dawa ile ya miti ya kunywa wote wawili, na kwamba ile trekta nyekundu isikanyage tena bomani, tununue ya rangi nyingine kutoka kwa mtu mwingine. Kundi la WhatsApp likalipuka tena. Mwanangu akasema huu ni ujinga. Mwalimu wa Suna hakusema ni ujinga wala si ujinga. Aliandika tu kwamba atakuja Jumamosi kumchukua mama yake, akakae Suna mpaka mambo yapoe, kwa ajili ya mtoto.

Nikausoma ule ujumbe nikiwa nimeketi kitandani. Akishaenda kwa ajili ya mtoto, nani atamwambia mambo yamepoa arudi? Nikatoka nje nikamwona amekwisha kuanika nguo zake zile nzuri, za kusafiri.

Basi nikafanya kitu ambacho mchungaji wangu hatakipenda. Nilimtumia shemeji ujumbe aje, nikamwita na mwenzangu, nikawakalisha barazani, mwenzangu mbali kidogo na mimi kama alivyokuwa anakaa siku zile. Nikawaambia mnanisumbua bure na uzee wangu. Siku ile kabla sijaondoka kwenda Sori, asubuhi na mapema, niliona mawingu upande wa ziwa, nikachukua jembe nikaenda shambani kwangu nyuma ya mihogo, nikalima kidogo. Nilifungua. Sikumwambia mtu kwa sababu nilikuwa na msiba kichwani. Kwa hiyo aliyekuja kulima chini alikuta mimi nimekwisha kuanza juu.

Shemeji akaniangalia. Ananijua tangu siku nilipoletwa hapa na anajua nyonga yangu.

“Ulilima na nyonga hiyo?”

“Nililima. Unataka nikuapie?”

“Sitaki kiapo. Kesho asubuhi nitakuja unionyeshe tu, ili nikiwaambia wazee niwe nimeona.”

Alisema kwa upole wake ule ule. Akachukua kofia akaenda zake. Nami nikabaki nimekaa na uongo wangu. Nyuma ya mihogo hakukuwa kumelimwa. Kulikuwa na nyasi na majani makavu tangu msimu uliopita, na mwenzangu anajua kuliko mtu yeyote, kwa sababu yeye ndiye anayechimba ile mihogo mimi nisipoweza kuinama. Alikuwa akiangalia mikono yake. Sikuthubutu kumtazama usoni. Nilifikiri ataniambia, nyieka, mbona unaongeza kosa juu ya kosa.

“Ukisema umelima, umelima,” akasema. Akainuka akaenda kuanua nguo zake.

Niliamka mapema nikiwaza nitamdanganya shemeji vipi tena. Nitasema kuku wamefukua? Nitasema nyasi zimeota upesi? Mvua yenyewe haijanyesha. Nilitafuta jembe langu nyuma ya mlango ili niende nikwangue hata kidogo, nyonga ikikubali, na jembe halikuwepo. Kabla sijaendelea kulitafuta, nikasikia shemeji anabisha hodi. Ni mtu wa kuwahi, huyo.

Tukaenda. Yeye mbele, mimi nyuma na mkongojo, na kila hatua nilikuwa nikitamani njia iwe ndefu. Tukazunguka nyumba. Tukapita mihogo. Shemeji akasimama.

Kulikuwa na kipande kimelimwa, upana kama wa vitanda viwili. Kimelimwa vizuri, mapigo ya jembe ya karibu karibu. Juu ya udongo ule mtu alikuwa amemwaga vumbi kavu na majani makavu, ili uonekane kama umepigwa na jua la siku nyingi. Ungelazimika kuinama na kutia kidole ndani kujua kwamba chini bado una ubichi.

Shemeji hakuinama. Akaangalia, akatikisa kichwa mara moja, akasema, “Haya, Mikayi. Nimeona.” Akaaga akaenda kuwaambia wazee. Kama alijua, hajawahi kuniambia, nami sitamuuliza.

Nikarudi taratibu. Jembe langu lilikuwa limeegemezwa ukutani kwa mwenzangu, limeoshwa, maji bado yanadondoka kwenye mpini. Mwenyewe alikuwa jikoni anapuliza moto na hakugeuka. Simu ikaanza kulia mfukoni mwangu, yule wa Homa Bay na asubuhi zake. Nikampokea, nikamwambia alete ile nyekundu, ile ile iliyolima, na fundi wake, na spea, na akifika langoni asishushe kitu mpaka anione kwa macho yake. Akaanza kunishukuru. Nikazima.

Nikaingia jikoni nikaketi kwenye kigoda. Alipakua ugali na omena kwenye sahani moja kubwa, akaiweka kati yetu, akanawa mikono. Kiganja chake cha kulia kilikuwa kimechubuka pale chini ya kidole gumba. Mimi niliyesema uongo siiogopi chira, kwa hiyo uongo wangu haukunigharimu kitu. Yeye anaiogopa. Anaiogopa mpaka hawezi kukanyaga kizingiti changu, na ana mjukuu asiyepumua vizuri. Na alijua kwamba anapochukua jembe la mikayi gizani na kulima shamba la mikayi, anarudia lile lile kosa, safari hii kwa mkono wake mwenyewe.

Nilimuuliza mwalimu atakuja saa ngapi Jumamosi.

“Nimemwambia asije,” akasema, na akamega tonge.